Maji yanang'aa, samaki wanakufa

Katika mazungumzo yangu ya wiki iliyopita redioni niligusia, kwa sentensi mbili tu, habari za samaki wanaofugwa katika matangi ya kioo. Nikapita, maana siku hiyo nilikuwa na mambo mengine ya kusema. Sikutegemea kwamba sentensi hizo mbili ndizo zingenirudia. Msikilizaji mmoja mwenye kinyozi anasema ameweka tangi dukani ili wateja wapate cha kutazama wakisubiri zamu, lakini kila akibadilisha maji wanakufa wawili watatu, na sasa ameamua asiyabadilishe tena kabisa. Mwingine, mama wa nyumbani, anauliza: maji yake ni maangavu kiasi cha kuweza kusoma gazeti lililowekwa upande wa pili wa kioo, sasa kwa nini samaki wanapanda juu kuhema?

Maswali hayo nimeyasoma kwa aibu kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kuua samaki 19 katika usiku mmoja, na niliwaua kwa kuwasafishia nyumba.

Tangi langu nilitengenezewa na fundi wa vioo. Urefu wake ni sentimita 90, upana 30 na kimo 40. Kwa hesabu ya darasani hizo ni lita 108, lakini ukiondoa changarawe, mawe na ile nafasi inayoachwa juu, maji yenyewe ni kama lita 90. Samaki wangu ni wale wa Ziwa Nyasa waitwao mbuna, jina lililotoka kwa wavuvi wa Kitonga wa upande wa Malawi. Ni samaki wadogo wa miambani, wengine wa manjano, wengine wa buluu wenye mistari myeusi, wazuri mno kwa macho lakini wagomvi kupita kiasi. Dume mmoja hujitwalia jiwe lake na kumfukuza kila apitaye karibu, mpaka dhaifu anakufa kwa kukosa pa kukimbilia.

Nilianza na wanane. Walipoanza kuuana nilimrudia kijana aliyeniuzia. Akaniambia, "Mzee, waongeze. Wakibanana hawatapata nafasi ya kumwandama mmoja." Nilidhani ananitafutia fedha yangu tu. Kumbe kijana alisema kweli: wafugaji wa mbuna duniani kote huwabananisha kwa makusudi, ili ugomvi utawanyike, na asiwepo mmoja wa kubebeshwa wote. Alichonyamazia kijana yule, au pengine hakukijua, ni kwamba anayewabananisha samaki anajifunga kuwa mtumwa wa ndoo. Nikaongeza. Nao wakajiongeza wenyewe, maana jike la mbuna huatamia mayai mdomoni kwa karibu majuma matatu, kisha huwatema watoto wakiwa tayari wanaogelea. Baada ya mwaka mmoja na nusu walikuwa 31.

Hapo niseme neno juu ya kanuni ile ya zamani inayopima samaki kwa urefu, kwamba kila sentimita kadhaa za samaki zipewe lita kadhaa za maji. Ni kanuni ya kuanzia tu, na huwadanganya wengi. Samaki hakui kwa urefu peke yake. Akirefuka mara mbili, ananenepa na kupanuka vilevile, hivyo uzito wake unakuwa karibu mara nane. Yule wa sentimita tatu uliyemnunua katika mfuko wa nailoni, akifika sentimita 12, ana uzito wa kama mara 64. Anakula kwa uzito huo na anachafua kwa uzito huo. Tangi ambalo halikuwa limejaa siku ya kununua linajaa bila mtu kuongeza hata samaki mmoja.

Basi, kuelekea mwisho wa mwaka 2022, ukame uliupunguza Mto Ruvu, na Dar es Salaam tukaingia katika mgao wa maji. Wakazi wa jiji wanakumbuka. Nyumbani kwangu maji yalitiririka siku moja na kukatika kadhaa, tukawa tunayanunua kwa madumu ya lita 20. Katika hali hiyo ni mwanamume gani angesimama mbele ya mkewe na kumwaga nusu ya tangi la samaki? Nikaacha kubadilisha. Nilichofanya ni kujazia tu pale maji yalipopungua kwa joto, nikijiona nimefanya la maana.

Kujazia si kubadilisha. Yanapopungua kwa joto, yanayoondoka ni maji matupu. Uchafu ulioyeyuka ndani yake hauruki kwenda popote, unabaki pale pale, kama chumvi inavyobaki katika mashamba ya chumvi ya pwani jua likishakausha maji ya bahari. Ukijazia kwa wiki sita, umekusanya uchafu wa wiki sita katika maji yale yale, nayo macho yako hayaoni kitu.

Mvua ziliponyesha na maji yakarudi bombani, nikaamua kuwafanyia samaki sherehe. Nilitoa karibu nusu ya maji. Mama Neema, ambaye mgao ulikuwa umemfundisha ubahili wa tone moja, akasema yasimwagwe hata kidogo, yatiwe katika ndoo na pipa yanyweshee mchicha wake. Nashukuru alisema hivyo, kwa sababu nitakazoeleza. Nikatoa sponji la chujio, jeusi na lenye utelezi, nikalifikicha chini ya bomba mpaka likawa jeupe kama siku lilipotoka dukani. Nikachomeka mpira wa maji kwenye bomba na kulijaza tangi moja kwa moja. Saa kumi na mbili jioni tangi lilikuwa linang'aa kiasi kwamba nilimwita jirani aje aone.

Saa nne usiku samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakihema. Nikaongeza pampu ya hewa. Kabla ya adhana ya alfajiri wengine walikwisha lala ubavu. Kulipopambazuka nilihesabu 19.

"Baba Neema, umewatia nini?" aliniuliza mke wangu. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mshukiwa tu, nalo ni bomba. Niliapa kwamba maji yale yaliletwa na dawa nyingi, na kwa kazi yangu nilikuwa nusura niyaseme hayo hewani. Namshukuru Mungu sikusema. Aliyenizuia ni jirani yangu, mwalimu wa kemia wa sekondari, mtu mpole asiyependa kuhukumu kabla ya kupima. Aliuliza swali moja: "Ndugu yangu, maji ya zamani yako wapi?" Nikamwonyesha pipa la mchicha.

Mwalimu alileta vichupa vyake vya kupimia. Maji ya bomba yalikuwa na pH ya 7.4, maji ya kawaida kabisa. Maji ya pipa, yaani yale ambayo samaki wangu walikuwa wakiishi ndani yake siku moja kabla, hayakufika hata 6. Yalikuwa makali kuelekea siki, na yalikuwa na amonia tele. Ziwa Nyasa lenyewe lina pH ya kati ya 7.8 na 8.6 hivi. Kwa hiyo samaki wa ziwa la magadi kidogo nilikuwa nimewageuza samaki wa maji ya ndimu, polepole, kwa wiki sita, bila wao wala mimi kujua.

Sasa tufuate jambo hili hatua kwa hatua, maana jibu la yule mwenye kinyozi limo humu.

Samaki hutoa sehemu kubwa ya taka zake kwa matamvua, pale pale anapopumulia. Taka hiyo ni amonia, na chakula kinachooza chini ya mawe nacho huongeza. Amonia ni sumu. Bahati nzuri katika kila tangi lililokomaa wamo bakteria wanaoishi juu ya changarawe, vioo na zaidi ya yote ndani ya sponji la chujio. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu kali, inayobadilisha damu ya samaki kuwa ya rangi ya udongo na kuinyima nguvu ya kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Hiyo nitrati ina upole zaidi, samaki huivumilia, lakini haina pa kwenda. Inalimbikizana mpaka itolewe na ndoo, au iliwe na mimea.

Ule weusi wa sponji nilioufikicha kwa juhudi ndio uliokuwa kiwanda chenyewe. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa makusudi kuua bakteria. Haibagui wa kipindupindu na wa tangi langu. Sponji husuuzwa ndani ya ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, likaminywa mara mbili tatu, likarudishwa likiwa bado na uchafu wake wa heshima. Mtu akishaua bakteria wake, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga upya.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa lingine. Wale bakteria, wakati wanapofanya kazi yao, hutengeneza asidi. Maji mapya huja na akiba ya madini yanayozuia asidi hiyo isishushe pH. Ukibadilisha maji kila wiki, unaileta akiba mpya kila wiki. Ukiacha, akiba inakwisha. Katika tangi la samaki wachache inachukua miezi mingi. Katika tangi lililobanana ni wiki chache. Ikishakwisha, pH inaporomoka, na ikiporomoka sana bakteria nao hulegea. Amonia inaanza kurundikana bila wa kuishughulikia.

Kwa nini basi samaki hawakufa wakati ule ule? Hapa ndipo mwalimu wa kemia alipotabasamu, kama watabasamuvyo walimu wakifika mahali wanapopapenda. Amonia majini ina sura mbili. Katika maji yenye asidi karibu yote hujifunga katika sura isiyo na madhara makubwa. Katika maji ya magadi sehemu yake hufunguka na kuwa sumu inayopenya matamvua. Kila pH inapopanda kwa hatua moja, ile sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara 10, mpaka pH inapokaribia 9. Asidi iliyokuwa ikiwatesa samaki wangu ndiyo iliyokuwa imeifunga amonia. Nilipotia maji mapya nusu tangi, amonia niliipunguza nusu, ni kweli, lakini pH niliirusha juu ya 7 katika muda wa robo saa. Nusu ile iliyobaki ikafunguka. Punguza nusu, zidisha kwa 10 na zaidi. Hata mtoto wa darasa la tano anaona jibu linaelekea wapi. Na bakteria wa kuila nilikuwa nimekwisha waua bombani.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye kinyozi hakosei anapoona kwamba samaki wake wanakufa baada ya kubadilishiwa maji. Anakosea anaposema wanakufa kwa sababu ya maji mapya. Maji ya zamani ndiyo yaliyowaandaa, na mapya yakafika tu kuikuta shehena.

Imani hii ya kutobadilisha maji ina historia ndefu, na haikuanzia kwa kinyozi. Mnamo mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliwaeleza wanasayansi wenzake jinsi alivyowaweka samaki wa dhahabu ndani ya maji pamoja na mimea, na konokono wa kula majani yaliyooza, nao wakaishi bila maji kubadilishwa. Habari ikaenea. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki ya kwanza ya watu wote, na Waingereza wakapatwa na homa ya matangi ya vioo. Kwa vizazi kadhaa baadaye wafugaji wengi waliamini kwamba maji makongwe ni maji matakatifu, hayaguswi. Jambo lililosahauliwa ni dogo tu: Warington alikuwa na samaki wawili. Mimi nilikuwa na 31, na mimea yote mbuna walikwisha iguguna.

Tuje kwenye hesabu ya ndoo. Gramu moja ya chakula cha samaki chenye protini asilimia 40, ikiwa yote itaishia kuwa taka majini, inaweza kuzaa kama miligramu 280 za nitrati. Katika lita zangu 90 hiyo ni miligramu tatu hivi kwa kila lita. Kwa gramu mbili kwa siku, wiki moja inaongeza karibu miligramu 40 kwa lita, na wafugaji makini hawapendi kuona tangi likikaa juu ya hapo. Tuseme basi unabadilisha asilimia 10 kila wiki, kama wengi wanavyoshauriwa. Unatoa sehemu ya kumi na kuacha sehemu tisa, kisha wiki inaleta 40 nyingine. Kiwango kitapanda na kupanda, hakitatulia mpaka kifike 400. Ukibadilisha robo, kitatulia 160. Ukibadilisha nusu, kitatulia 80. Siri ya hesabu ni kwamba unachukua nyongeza ya wiki na kuigawa kwa sehemu unayobadilisha. Mimi nilipoiona karatasini ndipo nilipoelewa kwamba ndoo peke yake haitaniokoa. Samaki wakipungua nusu na chakula kikapungua nusu, nyongeza inakuwa 20, na kwa kubadilisha nusu ya maji kila wiki unakaa kwenye 40. Ndoo na idadi ya samaki ni hesabu moja.

Yule mama anayeona samaki wakihema juu ya maji maangavu, kwanza atazame oksijeni, hasa miezi hii ya joto. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu tisa za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hayafikishi hata nane. Joto hilo hilo huwafanya samaki wahitaji zaidi. Umeme ukikatika usiku na pampu ikanyamaza, tangi lenye samaki wachache litafika asubuhi, lililobanana huenda lisifike. Kama pampu inafanya kazi na bado wanahema, apime amonia na nitriti. Uangavu wa maji hauonyeshi lolote kati ya hayo. Amonia haina rangi, nitriti haina rangi, nitrati haina rangi.

Kuhusu klorini, maji ya bomba yakilala usiku kucha katika ndoo pana bila mfuniko, na hasa ukiyapitishia hewa ya pampu, sehemu kubwa ya klorini huondoka. Hilo si kweli pale maji yanapotiwa kloramini, ambayo haiondoki kwa kulala, na hapo hutumika dawa ya kuivunja inayouzwa kwa wauza samaki. Visima vya mjini navyo vipimwe kwanza. Vingi vya pwani vina chumvi.

Naelewa kuna atakayeniambia: bwana mtangazaji, jiji hili lina watu wanaobeba ndoo kichwani, nawe unatufundisha kubadilisha maji ya samaki? Swali hilo nimelilaza na kuliamsha. Jibu langu si la falsafa. Lita 45 zinazotoka tangini kwangu kila Jumamosi hazimwagwi mtaroni. Zinakwenda kwenye mchicha, na nitrati ile iliyo mzigo kwa samaki ni mbolea kwa mchicha. Wale waliokula mboga yetu mwaka ule wa mgao wanaweza kushuhudia majani yalivyokuwa mapana. Asiye na mchicha na asiye na uhakika wa maji afuge samaki watatu. Hilo nalisema bila kumuonea mtu haya, kwa sababu niliyepata hasara ni mimi.

Mwenye tangi ambalo halijabadilishwa kwa miezi, na aliyekwisha ogopa kama mwenzetu wa kinyozi, asifanye sherehe niliyofanya mimi. Aache kuwalisha kwa siku mbili. Samaki mzima hafi kwa njaa ya siku mbili. Kisha atoe sehemu ya kumi tu ya maji, atie yaliyolala usiku kucha, ayamimine polepole. Kesho arudie. Keshokutwa arudie. Kwa wiki mbili mfululizo pH itakuwa imepanda kidogo kidogo, na amonia itakuwa imetolewa kidogo kidogo kabla haijafunguka yote kwa pamoja. Sponji asiliguse mpaka hapo. Wenye mbuna wanaweza kutia katika chujio mkono mmoja wa makombe ya zamani yaliyookotwa ufukweni na kuchemshwa, yanayeyuka taratibu na kurudisha ile akiba inayozuia asidi. Matumbawe hai yaachwe baharini, sheria inayalinda.

Waliosalia kwangu walikuwa 12. Watoto wanaozaliwa sasa nampelekea yule kijana muuzaji, naye hunipa chakula cha samaki badala ya fedha. Juzi aliniuliza kama sitaki kuongeza wawili wa buluu. Nilimwambia nitamletea mwalimu wa kemia wazungumze.